Safari ya Gari la Moshi Kwenda Pompeii
(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa hewani)

Kaeni vizuri, mwenye miwani aivae. Juma hili hatusomi habari za mbolea wala za kuchemsha maji ya kunywa. Juma hili twasafiri. Twapanda gari la moshi siku ya Jumamosi, pamoja na rafiki, twaenda kuangalia magofu ya mji wa kale uitwao Pompeii, katika nchi ya Italia. Jumapili jioni tumekwisha rudi.

Gofu, kama mjuavyo, ni nyumba iliyobaki kuta, haina paa wala mwenyewe. Wenzetu wa pwani hawana haja ya kuelezwa: magofu yapo Kilwa Kisiwani, yapo Gedi karibu na Malindi, yapo Kaole karibu na Bagamoyo. Lakini miji mingi ya kale ilihamwa pole pole. Watu walipoondoka walichukua vyungu vyao, wakang'oa na milango. Waliokuja nyuma yao wakachukua mawe wakajengea kwingine. Pompeii haukuhamwa hivyo. Mwaka 79 baada ya kuzaliwa Kristo, ulizikwa kwa muda usiozidi siku mbili, mikate ingali tanurini.

Tunapokwenda, nataka mwangalie jambo moja. Mengi tunayoyajua habari za mji huu tumeyajua kwa sababu mtu fulani aliandika. Wala si wafalme tu walioandika. Muuza matunda aliandika. Mwenye duka aliyepotelewa na chombo aliandika. Mtu mwingine, asiyejulikana jina lake, alichukua kipande cha mkaa akaandika ukutani, na mkaa wake umewatia wataalamu katika ubishi mkubwa. Tutafika kwake.

Mimi nilikwenda huko na wenzangu watatu: fundi mwashi, dada mmoja muuguzi, na kijana aliyekuwa akisoma sheria. Nawataja kwa sababu tuliingia mji mmoja, lakini kila mtu aliona mji wake.

Basi tuanze. Italia ni nchi iliyo kusini ya Ulaya. Ukiiangalia katika ramani ya darasa utaona ina umbo la kiatu cha buti kilichoingia baharini. Mji mkuu wake ni Roma. Kutoka Roma kwenda kusini mpaka mji wa Napoli ni kilomita zaidi ya 200, yaani kama kutoka Dar es Salaam mpaka kupita Morogoro kidogo. Treni ya mbio huenda kwa muda wa saa moja na dakika kumi hivi. Treni ya kawaida hukawia zaidi, lakini nauli yake ni ndogo. Tunasema "gari la moshi" kwa mazoea tu. Treni hizi zaendeshwa kwa umeme, na moshi hutauona.

Hapa pana mambo mawili ya kusoma kabla hujapanda. La kwanza ni saa. Wazungu huhesabu saa kutoka usiku wa manane, basi ubao wa stesheni ukiandika 8:30, kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Ukiandika 14:30, kwetu ni saa nane na nusu mchana. La pili ni tiketi. Tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida hugongwa mhuri katika mashine ndogo iliyo stesheni, kabla ya kupanda. Mtu asiyegonga hutozwa faini ndani ya treni, hata kama amelipa nauli yake yote.

Mkifika Napoli mtateremka ngazi kwenda chini ya stesheni kubwa, kutafuta treni ndogo izungukayo mlima. Shikeni mifuko yenu kama mshikavyo Kariakoo siku ya sikukuu. Kisha someni ubao kwa makini, kwa maana hapa ndipo watu wengi wapoteapo. Ipo treni iendayo Sorrento, na ipo nyingine iendayo Poggiomarino. Zote mbili zina stesheni yenye jina la Pompei, lakini si stesheni moja. Ninyi pandeni ile ya Sorrento, mshuke palipoandikwa "Pompei Scavi". Neno hilo "scavi" maana yake ni mahali palipofukuliwa. Angalieni pia kwamba Waitalia huandika jina la mji kwa herufi "i" moja mwishoni, na vitabu vingi vya nchi nyingine huandika "i" mbili. Ni mji ule ule.

Safari ya treni ndogo yachukua dakika 35 au 40. Treni yenyewe huenda imejaa, na vijana wa huko wameipaka maandishi ya rangi kila mahali, mpaka madirishani. Yule kijana wetu wa sheria alinung'unika kwamba haoni bahari. Kweli ni uharibifu. Lakini mtu aendaye Pompeii asishangae kuona watu wa Napoli wanaandika kila mahali, kwa maana ni desturi ya kale. Na hata njia hii ya reli si ngeni hapa. Reli ya kwanza katika Italia yote ilijengwa ufuoni huku, kutoka Napoli mpaka Portici, mwaka 1839.

Upande wa kushoto mtauona mlima Vesuvius. Si mrefu sana kwa mtu wa Kilimanjaro au Meru, maana una mita 1,281 tu. Lakini ni volkeno, yaani mlima wa moto, na mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1944.

Sasa nieleze jinsi mlima ulivyouzika mji. Chini sana ya ardhi yamo mawe yaliyoyeyuka kwa joto, na ndani ya mawe hayo imo gesi nyingi. Chukua chupa ya soda, itikise, kisha uifungue kwa ghafula. Utaona povu linaruka. Ndivyo ilivyokuwa. Ndugu zetu wa Goma, katika Kongo, wameona mlima wa Nyiragongo ukitoa uji wa moto uliotiririka mpaka mitaani, mwezi wa Januari 2002 na tena Mei 2021. Vesuvius wa mwaka 79 ulifanya vingine. Ulirusha juu nguzo ya majivu na mawe mepesi, ikapanda yapata kilomita 30. Mawe hayo ni yale yenye matundu matundu, ambayo watu husugulia visigino wakati wa kuoga. Ukilitia majini laelea. Upepo ukayachukua mpaka juu ya Pompeii, yakanyesha kama mvua, mchana na usiku, kwa muda wa saa 18 hivi. Mapaa yakalemewa yakaanguka. Barabara zikajaa mawe kwa kina cha karibu mita 3.

Angalieni basi: watu walikuwa na saa nyingi za kuondoka. Wengi waliondoka, kwa maana mji ulikuwa na watu zaidi ya elfu 10, na miili iliyopatikana mpaka sasa ni elfu moja na kidogo. Waliobaki walijifungia ndani, wakingoja mawe yakome. Asubuhi ya pili likaja wingu zito la majivu na hewa ya moto, likashuka mlimani kwa kasi isiyoweza kukimbiwa. Hapo hakupona mtu.

Habari hizi twazijua kwa kijana mmoja. Jina lake Plinius, mwenye umri wa miaka 17, naye alikuwa ng'ambo ya ghuba, mahali paitwapo Misenum, akikaa kwa mjomba wake aliyekuwa mkuu wa manowari. Kijana aliliona wingu likipanda lenye shina refu, na juu yake limetanda matawi. Yeye alilifananisha na msonobari wa kwao. Mtu wa nyika zetu angesema mgunga. Mjomba alikuwa akitoka nyumbani alipoletewa barua ya mwanamke aitwaye Rectina, akaaye chini ya mlima, naye aliomba kuokolewa. Mjomba akaamuru merikebu kubwa zitweke, akaenda mwenyewe. Hakurudi, alifia ufuoni mwa Stabiae. Kijana alibaki nyumbani kwa sababu alikuwa na kazi ya kuandika aliyopewa na mjomba. Miaka mingi baadaye aliyaandika yote hayo katika barua mbili kwa rafiki yake Tacitus, mwandishi wa historia. Barua hizo zimesalia. Wataalamu wa volkeno wa siku hizi huzisoma kama ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Plinius asema pia kwamba kabla ya siku hiyo ardhi ilitetemeka mara kwa mara, lakini watu hawakuogopa sana, kwa kuwa walikwisha zoea. Yapata miaka 17 nyuma, mwaka 62, tetemeko kubwa lilikuwa limebomoa nyumba nyingi mjini. Mpaka mlima ulipolipuka, mafundi walikuwa wangali wakitengeneza.

Baada ya hayo mji ulisahauliwa. Majani yakaota, mizabibu ikapandwa juu yake. Mwaka 1748 mfalme wa Napoli aliamuru watu wachimbe hapo kutafuta vitu vya thamani, nao wachimbaji hawakujua ni mji gani. Walidhani ni Stabiae. Wakachimba miaka 15 bila kujua. Mwaka 1763 wakafukua jiwe lenye maandishi, na katika maandishi hayo limo jina la watu wa Pompeii. Ndipo walipojua wako wapi.

Na jiwe hilo lasema nini? Mwenzetu wa sheria alifurahi sana alipoelezwa. Ni tangazo la ardhi. Kaisari Vespasianus alimtuma ofisa wake, jina lake Suedius Clemens, kupima upya viwanja vya umma vilivyonyakuliwa na watu binafsi, na kuvirudisha kwa mji. Jiwe liliwekwa nje ya lango ili kila apitaye asome. Miaka 1,900 na zaidi imepita, na bado twawajua kwamba walikuwako wanyang'anyi wa viwanja.

Sasa tumeshuka stesheni. Lango la magofu li karibu, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tangu Novemba 2024 hawaingii watu zaidi ya elfu 20 kwa siku, na tiketi huandikwa jina la mwenyewe. Basi chukueni vitambulisho. Chukueni na kofia, na chupa ya maji, na viatu vya kufunga. Msivae ndara. Barabara za Pompeii zimetandikwa mawe makubwa meusi ya mlimani, nayo yamekwisha laini kwa kukanyagwa.

Hapa fundi mwashi alitangulia, akasahau kama tupo. Alituonyesha mitaro iliyochimbika katika mawe kwa magurudumu ya mikokoteni. Alituonyesha mawe marefu matatu matatu yaliyowekwa kukata barabara: mvua ikinyesha na maji machafu yakijaa njiani, mtu huvuka juu yake bila kulowa, na magurudumu hupita katikati. Kisha akainama kando ya ukuta, akaita. Alikuwa ameona bomba la risasi. Maji yalitoka milimani kwa mfereji, yakaingia katika nyumba ya kugawia iliyo mahali pa juu penye lango la mji, na kutoka hapo yakaenda kwa mabomba mpaka visimani vya njia panda, na hamamu za watu wote, na nyumba za matajiri. Maskini alichota kwenye njia panda. Visima hivyo vingalipo, na juu ya ukingo wa jiwe pana shimo laini, mahali ambapo watu walitia mkono wakiinama kunywa. Tia mkono wako hapo. Waenea sawasawa.

Mji wote ndani ya kuta zake ni hekta 66 hivi, na theluthi moja bado imefunikwa. Wataalamu wanaiacha makusudi, ili wajao baadaye, wenye vyombo bora, wapate kuifukua. Kwa siku moja hamtaumaliza. Nendeni kwenye uwanja mkubwa wa mji, kisha kwenye mabafu, kisha mwone viwanda vya mikate.

Viwanda hivyo vilikuwa zaidi ya 30. Katika tanuri ya mmoja wao wachimbaji walikuta mikate 81, imeungua kuwa makaa lakini umbo lake lipo: ya mviringo, imekatwa alama nane ili imegwe kwa urahisi. Mawe ya kusagia ngano yako kando, marefu kuliko kiuno cha mtu. Yalizungushwa na punda, au na watumwa. Mwezi wa Desemba 2023 ilitangazwa habari ya kiwanda kimoja kilichofukuliwa ambacho watumwa na punda walifungiwa humo pamoja. Hakikuwa na mlango wa nje. Madirisha yalikuwa madogo, yenye vyuma. Sakafuni zilichongwa alama za kuongoza mwendo wa punda aliyefungwa macho. Mji ule ulikuwa mzuri, ndiyo. Lakini mkate wake ulisagwa hivyo.

Mtaona pia migahawa midogo, yenye meza ya mawe upande wa njiani na mitungi imezamishwa ndani ya meza. Mpishi aliteka chakula humo akawapa wapita njia. Mama ntilie wa kwetu angeijua kazi hiyo mara moja. Mmoja wa migahawa hiyo ulifukuliwa mpaka mwisho mwaka 2020, na katika mitungi yalikuwamo mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono.

Sasa angalieni kuta. Wakati wa uchaguzi, mafundi wa maandishi walizipaka kuta chokaa nyeupe, wakaandika kwa rangi nyekundu majina ya waombao kura. Matangazo kama hayo yamepatikana zaidi ya elfu 2. Moja lasema kwamba wauza matunda wote, pamoja na Helvius Vestalis, wanaomba Marcus Holconius Priscus achaguliwe kuwa mmoja wa mahakimu wawili wa mji. Jingine lasema wezi wadogo wanaomba Vatia achaguliwe. Na jingine, walevi wa usiku wa manane wanamtaka Vatia. Na jingine tena, wote waliolala usingizi wanamtaka Vatia. Bila shaka yameandikwa na adui zake, ingawa mwenzetu mmoja alishikilia kwamba huenda ni rafiki zake wakifanya mzaha baada ya kulewa. Wanawake wa mji huo hawakuwa na kura, lakini majina yao yamo katika matangazo. Nje ya kilabu kimoja cha pombe limeandikwa jina la Asellina, akimwombea mtu wake kura.

Mwandishi mmoja, Aemilius Celer, alitia sahihi chini ya tangazo lake, akaeleza kwamba ameandika peke yake, kwa mwanga wa mbalamwezi. Kazi hiyo ilifanywa usiku, njia ikiwa haina watu.

Hayo ni maandishi ya mafundi. Lakini yako maelfu mengine yaliyokwaruzwa kwa msumari na watu wa kawaida: salamu, matusi, hesabu za deni, majina ya wapiganaji wa uwanjani. Mahali pengine mtu amekwaruza herufi za alfabeti tu, moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza. Alikuwa akijifunza. Na dukani palikuwa na tangazo hili: chungu cha shaba kimepotea dukani, atakayekirudisha atapewa sesterti 65. Sesterti ni fedha ya Warumi.

Nilisema tutafika kwa mtu wa mkaa. Kwa muda mrefu vitabu vilisema mlima ulilipuka tarehe 24 Agosti, kwa sababu nakala za barua za Plinius zasema hivyo. Lakini wachimbaji walikuta makomamanga, na majiko ya kuotea moto, mambo ambayo si ya kiangazi cha joto. Kisha mwaka 2018, katika nyumba iliyokuwa ikitengenezwa, ulionekana mstari mmoja ulioandikwa ukutani kwa mkaa. Una tarehe: kwa hesabu yetu ni 17 Oktoba. Mwaka haukuandikwa. Lakini mkaa hufutika upesi, basi wengi wakasema umeandikwa siku chache tu kabla ya msiba, nao wakaihamisha tarehe mpaka vuli. Wako wanaobaki na Agosti, wakisema mkaa waweza kudumu kuliko tudhanivyo. Maneno mengine ya mstari huo ni magumu kusoma, na yamebishaniwa. Yaelekea ni mzaha wa mtu aliyekula kupita kiasi. Ona basi. Fundi mmoja aliandika upuzi wake wa mchana, na maprofesa wanabishana mpaka leo.

Dada muuguzi hakutaka kuona miili, na mtu asilazimishwe. Miili yenyewe ilioza ndani ya majivu yaliyokuwa yamekauka kuizunguka, ikaacha matundu matupu yenye umbo la mtu. Mwaka 1863 msimamizi Giuseppe Fiorelli alimimina plasta katika matundu hayo, akangoja ikauke, akavunja majivu. Akapata sanamu za watu kama walivyokuwa saa ya kufa: mmoja ameziba uso, mwingine amelala ubavu. Yupo pia mbwa aliyeachwa amefungwa mnyororo. Mwishowe dada alikuja, akasimama kitambo mbele ya mtu mzima aliyepatikana pamoja na mtoto. Huyo alikuwa na bangili ya dhahabu, na kwa ajili ya bangili hiyo watu walisema ni mama na mwanawe. Uchunguzi wa chembe za mwili uliotolewa Novemba 2024 umeonyesha kwamba alikuwa mwanamume, wala mtoto hakuwa wa damu yake. Muuguzi alisema: "Basi alikuwa akimlea mtoto wa mwenziwe." Huenda, na huenda walikutana hapo katika giza.

Kabla ya kutoka, mpite uwanja wa michezo ulio upande wa mashariki. Mwaka 59 watu wa Pompeii na wageni wao wa Nuceria walipigana hapo, wakauana, na Baraza la Roma likapiga marufuku michezo hiyo kwa miaka kumi. Washabiki wa Simba na Yanga wasome mara mbili.

Jumapili kaeni Napoli, mwende makumbusho ya mambo ya kale, kwa maana vitu vingi vilivyotoka Pompeii vimewekwa huko. Mtaona sanamu ndogo ya mwanamke iliyochongwa India kwa pembe ya ndovu, ikaokotwa Pompeii mwaka 1938. Msishangae. Karne ile ile baharia mmoja wa Kiyunani aliandika kitabu cha biashara ya Bahari ya Hindi, akataja pembe za ndovu zitokazo soko la Rhapta, katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kaskazi na kusi zilikuwa zikifanya kazi yake tayari.

Kuna vibao vya mbao vilivyopatikana mwaka 1875 katika nyumba ya Caecilius Iucundus, dalali wa minada na mkopeshaji fedha. Ni zaidi ya 150, na ni stakabadhi. Kibao kilipakwa nta, na mtu aliandika juu ya nta kwa kalamu ya chuma. Nta imekwisha ungua, lakini ncha ya kalamu ilikuwa imeukwaruza mti, na mikwaruzo yasomeka. Mteja mmoja ni mwanamke aitwaye Umbricia Ianuaria. Stakabadhi yake yasema amepokea fedha zake kwa Iucundus. Lakini hakuiandika yeye. Mwanamume mmoja aliiandika kwa ombi lake. Mtu yeyote aliyewahi kutia dole gumba chini ya karatasi aliyosomewa na mwingine, ataelewa jinsi mwanamke huyo alivyosimama pale mezani akingoja.

Kama muda upo, treni ile ile ndogo husimama Ercolano, penye magofu ya Herculaneum, mji mwingine uliozikwa na mlima huo. Katika nyumba moja kubwa huko vilipatikana, tangu mwaka 1752, vitabu vya kukunja, mamia kwa mamia, vimeungua kama kuni za mkaa. Ukivifungua vyavunjika. Mwaka 2023 wanafunzi walitumia picha za miale ya eksirei na kompyuta, wakasoma neno la kwanza ndani ya kitabu kilichofungwa, bila kukigusa. Neno lenyewe ni la Kiyunani, maana yake rangi ya zambarau. Mwaka uliofuata zikasomwa safu nzima za maneno.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Kila mtu aandike tangazo la kitu kilichopotea, kwa maneno yasiyozidi 15. Lazima liseme ni kitu gani, kimepotea wapi, na atakayekirudisha atapata nini. Yule mwenye duka wa Pompeii aliyasema yote matatu kwa maneno machache kuliko hayo. Andikeni kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali, mbandike ukutani mwa darasa, na mwenzako asome lako kwa sauti bila wewe kumsaidia.